Dari la Bafu la Theodori

Kifua cha Theodori kilikuwa kikilia kama bawaba kavu, na mkewe Kornelia alikuwa amechoka kukisikiliza bila kuwa na la kufanya ila kuomba. Miaka ya machimbo ya tanzanite ya Mererani ilikuwa imemwachia mzee vumbi mapafuni. Daktari hakuwaficha: mapafu hayo hayatarudi. Mvuke wa vuguvugu ungemlegezea makohozi, basi, apate kulala.

Nyumbani kwao Maisaka walishajaribu kujifukiza kama wafanyavyo wengi, sufuria la majani ya mkaratusi miguuni na blanketi kichwani. Theodori alilirusha blanketi upesi, nusura ajiunguze. "Mimi si kuku wa kunyonyolewa," alisema. Wakacheka, yakaisha. Ndipo Hope, binti yao anayefanya kazi hotelini Dodoma, alipowapa wazo la bafu la mvuke: mtu anakaa kwenye benchi, mvuke unamjia wenyewe, blanketi halipo.

Kornelia akaenda mjini kwa Halidi, muuza vifaa vya mabomba na umeme.

"Shikamoo, Mama Hope."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mashine ya mvuke. Ile kubwa kuliko zote."

"Unapika pilau la harusi? Tuanze na bafu kwanza, mama. Lina ukubwa gani?"

Kornelia alikuwa amelipima kwa tepu yake ya kushonea. Halidi akapiga hesabu kwenye simu, akaguna.

"Upana sawa. Lakini huku juu! Hili ni bafu au kanisa?"

"Baba Hope alilijenga mwenyewe. Alitaka liwe refu."

"Na kuta?"

"Za mawe."

Halidi akatikisa kichwa. "Mvuke hupanda juu kwanza. Utajaa kule darini, mzee amekaa chini anatetemeka. Na mawe yatakunywa joto kabla yake. Bafu hili linataka mashine kubwa kweli, na mashine kubwa inataka umeme wa fezi tatu, kama wa viwandani. Wewe una fezi moja. Ukiiwasha, swichi kuu itakuwa inakatika mpaka uichukie."

"Na fezi tatu nitavutiwa lini?"

"Utaomba, watakuja kupima, utasubiri. Mungu ndiye ajuaye."

Kornelia alikiwaza kile kifua. Muda wa kusubiri hakuwa nao.

"Na hii ndogo?" Kornelia akaonyesha moja rafuni.

"Hii ni nzuri. Ikimaliza kazi inamwaga maji yenyewe, kwa hiyo haya maji yetu yanayoacha ukoko kwenye birika hayataiua mapema. Ila lazima ushushe dari. Weka la plastiki, juu kidogo ya kichwa cha mtu, na liinamie upande mmoja matone yasimdondokee. Kuta zibandike vigae."

Njiani Kornelia alimshukuru Mungu kwa kumkutanisha na mfanyabiashara msema kweli.

Theodori alikuwa barazani, shingo ameiinua akiitafuta hewa. Alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu.

"Lishuke mpaka wapi?"

Kornelia akaweka kiganja juu ya kichwa cha mumewe. Mzee alikitazama kile kiganja, akakohoa, akatazama pembeni.

"Ukiona inafaa, Mama Hope, fanyeni."

Mkewe alidhani ni uchungu wa mjenzi anayeona kazi yake inabomolewa. Akamwita fundi Nickson. Dari likashushwa, vigae vikabandikwa, na mashine ikafungwa stoo, nyuma ya ukuta wa bafu.

Jioni ya kwanza Kornelia aliomba pale mlangoni, akamfunga mumewe shuka, akamkalisha kwenye benchi na kuusukuma mlango wa kioo. Mvuke ukaanza kufoka. Kioo kikawa cheupe. Alimsikia akikohoa, kisha hakumsikia tena, na moyo wake ukainuka kwa shukrani.

Ndipo kioo kikaanza kupigwa ngumi. Mlango haukuwa na kitasa wala kufuli. Wa kutelezesha kando tu. Kornelia aliufungua, na Theodori akamwangukia kifuani, macho yamemtoka.

"Amedeus! Usiguse gogo la nguzo, Amedeus! Juu kunashuka!"

Kornelia alilijua jina hilo. Kila Novemba mumewe hulitaja katika sala za marehemu. Hakuwahi kumuuliza mtu huyo alikufaje.

Alimkalisha sakafuni ukumbini, akampepea kwa khanga mpaka mzee akamtambua.

"Tulifunikwa mgodini, mimi na yeye," Theodori alisema. "Mwamba ulikuwa hapa." Akaweka kiganja mbele ya uso wake. "Moshi wa baruti ulikuwa mweupe hivi hivi. Niliendelea kumwita. Aliacha kuitika kabla hawajatufikia."

"Kwa nini hukuniambia, Baba Hope?"

"Ulikuwa umefurahi."

Kornelia alimfuta jasho, akalitazama lile dari. Dari lingeweza kuondolewa kesho yake. Lakini mvuke wa mashine ile ndogo ungepanda kule juu na kubaki huko. Dari likibaki, mumewe hataingia.

Akaleta kiti, akakiweka ukumbini mbele ya mlango wa bafu ulio wazi, na madirisha akayaacha wazi pia, kwa kuwa mzee alitaka hivyo. Mashine ilinguruma vizuri, kama Halidi alivyosema. Mvuke ulitokea juu ya mlango, ukampita Theodori kichwani, ukapotea. Aliinua uso kuufuata, akavuta kilichomfikia. Kifua kikalia vilevile.

Kornelia alikaa kando yake na kuanza rozari. Theodori aliitikia pale pumzi iliporuhusu. Pale ilipokatika, mkewe alinyamaza na kumsubiri.