Kijiko cha Fundi

Kwa miaka thelathini na moja Mpishi alipikia shule ya bweni yenye watoto mia nne, na siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na makofi. Saa ile ikawa adui yake. Mumewe alikwisha kufa, na binti yake wa pekee aliishi mbali, simu zake za harakaharaka: "Mama, mzima? Haya, tutaongea." Mikono nayo haikuambiwa kwamba imestaafu. Akipika chakula chake peke yake sufuria inajaa, na jioni anamwaga.

Basi jirani yake wa mlango wa pili, mwanamke fundi cherehani, alipoangushwa na kiharusi, Mpishi alilia machozi ya kweli, na chini ya machozi, Mungu amsamehe, moyo ukachangamka.

Fundi hakuwa na mtoto wala ndugu. Alikuwa na cherehani, mkasi, na mkono wa kulia uliokata kitambaa bila kuchora chaki. Watu walikuwa wakija kuutazama tu. Sasa mkono ule ulilala pajani kama wa mtu mwingine, na ulimi ulikuwa mzito. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali alimletea mpira wa matambara, kisha akamgeukia Mpishi.

"Mama, mkono huu unaweza kurudi. Lakini usipofanyishwa kazi miezi hii mitatu utajikunja, na ukishajikunja ndiyo basi. Auminye mpira asubuhi na jioni. Na ale mwenyewe. Akimwaga, mwache amwage."

"Hilo tu? Niachie mimi, mwanangu."

Akaachiwa. Alfajiri yuko jikoni kwa Fundi, mchana anamwogesha, jioni anamsuka nywele huku akimsimulia umbea wa mtaa mzima. Majirani walimsifu hadi akaona haya. Alianza kuimba tena, akalala usingizi mzito, na saa ya ukutani ilipoishiwa betri hakugundua. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mpishi alitenda, kwenda ndiko kulikomshinda.

Wiki ya tatu alichelewa kidogo sokoni. Aliporudi alimkuta Fundi ameshika kijiko kwa mkono ule wa kulia. Kijiko kilipanda kikitetemeka, kikapita kifua, kikafika kidevuni, kisha supu yote ikamwagika gaunini. Fundi akacheka, kicheko cha kwanza tangu aanguke.

"Ni-me-weza," alisema.

Mpishi alikitazama kijiko. Aliiona nyumba yake, sufuria moja, saa moja ukutani. Akamnyang'anya kijiko, taratibu, kwa upole kabisa.

"Utaungua bure, shoga yangu. Mimi niko hapa kwa kazi gani?"

"Ni-a-che."

"Fungua kinywa."

Fundi alikuwa na njaa. Alifungua.

Siku ile ile Mpishi aliufua mpira, akauweka juu ya kabati ukauke. Hakuushusha tena. Tusimsingizie: hakuna asubuhi aliyoamka akasema leo naua mkono wa mtu. Alisahau tu, kila siku, kwa uangalifu mkubwa. Fundi aliponyoosha mkono wa kushoto kuelekea juu ya kabati, Mpishi alishusha blanketi lililokuwa kando ya mpira, akamfunika hadi shingoni. "Una baridi, eh? Pole, mpenzi." Hata kwenye joto alimfunika.

Miezi mitatu ikaisha, mtaalamu akarudi. Mpishi alikuwa amemvalisha Fundi gauni lililopigwa pasi, akasimama pembeni akingoja sifa zake. Mtaalamu alishika vidole vya mkono wa kulia ajaribu kuvifungua, na Fundi akapiga yowe. Vilikuwa vimejifunga ndani ya kiganja, kucha zimezama nyamani.

"Alikuwa anaminya mpira?"

"Kila siku, mwanangu. Sikukosa hata..."

Fundi akainua mkono wa kushoto, akaonyesha. Mtaalamu alipapasa juu ya kabati, akautoa mpira. Ulikuwa na vumbi, mviringo, haujabonyea popote. Aliutazama, akamtazama Mpishi.

"Mkasi?" Fundi aliuliza.

"Hapana, mama. Mkono huu hautaushika tena."

Mtaalamu alipoondoka, Mpishi alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, shoga. Sikuwa na mtu. Nilikupenda." Na ilikuwa kweli, wala ukweli huo haukunyoosha kidole hata kimoja.

Fundi alimtazama. Ulimi wake, ambao hakuna aliyeuzuia kufanya mazoezi, ulikuwa umepona kiasi cha kutosha.

"Ulitafuta kazi," alisema polepole. "Umeipata. Hutaimaliza."

Kisha akafungua kinywa, akangoja.

Mpishi alichota supu. Mkono ulimtetemeka, kijiko kikafika kidevuni kwa Fundi, na supu yote ikamwagika gaunini. Fundi hakucheka. Alibaki amefungua kinywa, na Mpishi akachota tena.