Mke Mwenza Kwenye Dayati

Warda alipotoka Lindi kuja kujifungulia Pande kwa bibi yake, Bi Somoe, alikuja na begi la nguo za mtoto na simu yenye mwalimu ndani yake. Mwalimu huyo alijiita kocha wa lishe. Hakuna aliyewahi kumwona akila, lakini alijua vyote ambavyo wenzake hawatakiwi kula.

Mtoto akazaliwa salama, akapewa jina la Abdulatifu. Majirani wakaja na vyakula kama ilivyo ada kwa mzazi: uji wa pilipili manga, supu ya changu, mbaazi za nazi. Warda akashukuru kwa adabu zote. Wageni walipotoka tu, akasukuma bakuli pembeni.

"Bibi, hivi vyote vina wanga. Wanga ni sumu."

"Ni kweli," Bi Somoe akaitikia kwa upole. "Ndiyo iliyomuua babu yako. Aliila mpaka meno yakamwisha, ikamuua ghafla."

Warda alikuwa anakitafuta kiuno chake. Mumewe, Ridhiwani, angekuja kumchukua arobaini ikiisha, na huko Lindi shoga zake walizaa wakarudi wembamba kama miiko. Basi asubuhi alikunywa maji ya ndimu, mchana akatafuna tango, jioni akanywa mbegu za chia zilizovimba kwenye maji kama mayai ya chura. Alisema anaondoa sumu mwilini. Bi Somoe aliuliza sumu hiyo hutokea wapi, maana yeye tangu azaliwe hajaiona chooni.

Siku ya kliniki, nesi Happiness alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamweka tena.

"Mama Abdulatifu, mtoto amepungua. Unakula?"

"Nakula."

"Anakula matango," Bi Somoe akasaidia.

"Dada, maziwa hayaji kwa matango. Kula mlo kamili, kunywa maji, mnyonyeshe kila akitaka. Akizidi kupungua itabidi aende hospitali kubwa."

Kabla ya kutoka, Warda naye alipanda mizani ya watu wazima. Alikuwa amepungua pia. Kumbe dayati ilifanya kazi nyumba nzima.

Walipofika nyumbani Warda akalia, akafungua simu, na simu ikamwambia njaa ni dalili ya mafanikio. Mtoto naye alikuwa akifanikiwa kwa sauti kubwa, ananyonya kidogo, anaachia, analia. Bi Somoe angeweza kufoka. Lakini alishalea wa kutosha kujua kwamba mtoto ukimfokea juu ya chakula, anafunga mdomo na masikio pamoja. Kesho yake akakata ndimu, akakamulia kwenye kikombe chake mwenyewe.

"Bibi, unafanya nini?"

"Dayati."

"Wewe?"

"Tusidanganyane, Warda. Huyu Abdulatifu ni mume wangu, na wewe ni mke mwenzangu. Wewe uwe na kiuno, mimi nibaki na hili gunia? Atanipa talaka kabla hajaota jino."

Warda akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi na mjukuu ndivyo wanavyotaniana. Hakudhani kwamba mke mwenza huyu ameingia vitani kweli.

Mchana Bi Somoe akala tango. Jioni akameza mayai ya chura, amefumba macho. Jirani yao, Binti Hussen, alileta muhogo wa nazi akakuta mafiga yamepoa.

"Bi Somoe, kuna msiba humu?"

"Kuna urembo, mwanangu. Una masharti kuliko msiba. Kwenye msiba watu wanakula."

Asubuhi iliyofuata Bi Somoe akakaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya miundi yake kumwogesha kama kawaida. Safari hii kata ilimtetemeka mkononi, maji yakamwagika sakafuni. Miguu nayo ikaanza kucheza. Hapo hakuwa anaigiza tena, na yeye mwenyewe akaogopa.

"Warda! Mchukue mtoto!"

Warda akamdaka mwanawe. "Bibi, umekula nini tangu jana?"

"Ulichokula wewe."

"Lakini wewe mtu mzima, utaanguka!"

"Na wewe unayenyonyesha umeambiwa na nani huanguki? Huyo uliyemshika ndiye anayeanguka kwa niaba yako."

Warda akamtazama mtoto: mbavu zake, na mashavu yaliyonywea. Kisha akamlaza, akaenda jikoni, akawasha moto. Akarudi na ugali wa mtama, kisamvu na kipande cha samaki.

"Kula, Bibi."

"Kocha amekataza wanga."

"Bibi, nakuomba, usinilize."

"Tonge moja mimi, tonge moja wewe. La sivyo, narudi kwenye tango."

Wakala sahani moja. Bi Somoe, nguvu zilipomrudia, akamkorogea Warda uji na kuanza kumimina sukari.

"Hee, Bibi! Nesi kasema mlo kamili, hakusema ninenepeshwe kama mbuzi wa Idi."

Bi Somoe akarudisha kijiko. "Hapo umesema kweli. Hata sisi wazee tuna kocha wetu, anaitwa mazoea."

Siku hiyo mtoto aliendelea kulalamika. Maziwa hayana haraka kama simu. Warda akala, akanywa maji, akamweka kifuani kila alipolia. Baada ya siku kadhaa, asubuhi moja, Bi Somoe akiwa anapepeta mchele, alisikia kilio kimekatika, ikafuata sauti ya kumeza, nzito, bila kupumzika.

"Bibi," Warda akanong'ona, asimshtue mtoto. "Na kiuno changu je?"

"Mwache mume wetu anenepe kwanza, mke mwenzangu. Viuno tutagombania baadaye."