Kelele za Mlangoni

Kila Jumatano saa nane mchana, fundi lifti alimwachia mlinzi kisanduku chake cha vifaa, akanawa grisi mpaka viwikoni, akaenda kula samaki mbichi.

Dada yake alipopewa habari hiyo kwa simu alitaka irudiwe.

"Mbichi mbichi?"

"Mbichi."

"Umeishiwa gesi?"

"Ni chakula cha Kijapani, dada. Wanakiita sushi. Tonge dogo la wali, juu yake kipande cha samaki."

"Na samaki mwenyewe bado hajaambiwa kwamba amekufa. Kaka yangu, oa."

Kwa dada, dawa ya kila kitu ilikuwa kuoa. Jino likiuma, oa. Bomba likivuja, oa. Fundi alicheka, wakaagana, simu ikakatika, na chumba kikarudia kimya chake kana kwamba hakuna aliyekuwa akiongea mle. Ukweli hakuusema. Samaki wenyewe hawakumkosesha usingizi. Kilichompeleka kule ni kelele.

Mgahawa ulikuwa chini kabisa ya jengo la ofisi la ghorofa kumi na moja, na lifti mbili za jengo hilo zilikuwa mikononi mwake. Siku ya kwanza aliingia kukwepa mvua. Alipousukuma mlango tu, wapishi watatu nyuma ya kaunta waliinua vichwa wakapaza sauti kwa pamoja: "Irashaimaseee!" Fundi akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu, kama mwizi aliyemulikwa tochi. Mpishi wa katikati, jamaa mnene ambaye wenzake walimwita Kisu, akamtuliza. Hicho ni Kijapani, akasema, maana yake karibu, na kila anayeingia anapigiwa, awe mkurugenzi, awe mfagiaji.

"Hata mimi?"

"Kwani wewe umeingilia dirishani?"

Sasa, kabla hujamcheka fundi wa watu, jua jambo moja. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na miaka yote hiyo, kila alipochomeka ufunguo mlangoni kwao, sauti ya mama ilimwahi kabla hajauzungusha: "Ni wewe?" Naye hujibu, "Ni mimi, mama." Basi. Mengine yote waliyoongea hadi kulala yalikuwa nyongeza. Mama alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo ufunguo ulizunguka, mlango ukafunguka, na hakuna aliyetaka kujua ni nani.

Kazini ndiyo usiseme. Fundi lifti hushinda shimoni, kati ya nyaya na giza, na watu humjua kwa kibao tu: Samahani, inatengenezwa. Lifti ikishapona wanaingia, wanakodolea macho namba za juu ya mlango kana kwamba zitawatajia waliofaulu mtihani, wanashuka. Nani amsalimie nani? Ndani ya lifti hata mtu na shemeji yake huwa wageni.

Siku ile ya mvua alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Mbele yake mkanda ulizungusha visahani pole pole kuizunguka kaunta. Vikapita vya samaki wa rangi ya chungwa, vikapita vya pweza, vya chungwa vikarudi tena. Fundi ametulia, mikono mapajani, anangoja kimoja kisimame mbele yake kama lifti inavyosimama ghorofani kwako. Alingoja robo saa nzima.

"Mkubwa, umefunga?" Kisu akamuuliza.

"Nasubiri visimame."

"Hivyo havisimami mpaka tufunge duka. Daka!"

Wapishi walicheka mpaka wakaweka visu chini. Fundi naye akacheka, na akiwa anatembea kurudi kazini akagundua kwamba tangu msiba hakuwa amecheka na mtu aliye mbele yake. Kwa simu tu.

Basi ikawa kila Jumatano. Jumanne jioni alinyoa ndevu. Jumatano asubuhi alichagua shati, kisha akalificha chini ya ovaroli. Na saa nane alisimama nje ya mlango ule, akavuta pumzi, akausukuma, kelele zikamwagika. Halafu visahani vinne, chai ya kijani, utani wa Kisu, kurudi shimoni. Wiki ilikuwa na siku saba kama wiki ya kila mtu, ila yake siku moja tu ndiyo ilikuwa na mlango.

Miezi sita ikapita hivyo. Ndipo zikaletwa kadi za maoni, na sanduku jekundu la kuzitumbukizia.

"Jaza basi, Fundi," Kisu alimwambia. "Bi Meneja anataka maoni yenye akili, lakini wewe andika tu."

Fundi akashika kalamu, na utani ukampanda kichwani. Akaandika: Samaki, safi. Wali, safi. Chai, chungu kuliko mkwe. Kelele za mlangoni, nusura zinitoe roho. Siku moja mtanizika na kisahani mkononi. Akatia sahihi, Mteja wa Jumatano, akaitumbukiza, akaondoka akipiga mluzi. Alitegemea wiki ijayo waisome kwa sauti, wacheke wote.

Jumatano iliyofuata akausukuma mlango.

Kimya.

Wapishi watatu waliinua vichwa, wakatikisa kidogo kama watu walio msibani, wakaendelea kukata. Fundi akadhani hawakumwona. Akatoka, akahesabu moja hadi kumi, akaingia tena kwa kishindo. Vichwa vikatikisika. Mara ya tatu aliingia na kikohozi. Mama mmoja mwenye kompyuta mezani akamwuliza kwa upole kama amepoteza kitu.

Hapo ndipo alipoona bango dogo ukutani: Kwa kujali afya za wateja wetu, sasa tunakukaribisha kimyakimya.

Akajikokota hadi kiti chake. Visahani vikapita. Hakudaka.

"Kulikoni?" Fundi alimnong'oneza Kisu. "Mmefiwa?"

"Kuna mzee kalalamika."

"Mzee? Nani kasema mzee?"

"Kadi sikuiona, lakini Bi Meneja anasema mwandiko ni wa kizee kabisa, unatetemeka. Eti tutamuua. Watu wengine, Fundi, si wabaki kwao wanywe uji?"

Fundi akaumeza uji huo bila sukari. Mwandiko ulitetemeka kwa sababu alikuwa anacheka, lakini hilo utamweleza nani?

"Si mngempuuza tu?"

"Nimpuuze? Mimi nataka nimnunulie soda!" Kisu akainama juu ya kaunta. "Koo langu limepona. Unajua tulikuwa tunapiga zile kelele mara ngapi kwa siku? Mlango ukipigwa na upepo, irashaimase. Mleta barafu, irashaimase. Nyumbani mke wangu akifungua kabati, najikuta nimeitikia. Sasa hivi nalala kama mtoto."

Fundi aliutazama mkanda ukizunguka. Miezi sita alikuwa akiipokea ile sauti kama mtu anayepokelewa mzigo begani, kumbe kwa mwenzake ndiyo ilikuwa mzigo wenyewe. Akauliza alipo Bi Meneja.

Alimkuta kwenye kijiofisi nyuma ya jokofu, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Ile kadi ni yangu," Fundi akasema. "Ya Jumatano."

Bi Meneja akainuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Ni wewe? Tumekutafuta! Moyo unaendeleaje?"

"Moyo wangu mzima. Nilikuwa natania."

"Usione aibu, kaka. Mteja msema kweli ni adimu. Kadi yako niliituma makao makuu, wakaisoma mbele ya mameneja wote. Matawi yote sasa yako kimya. Wametuletea barua ya pongezi, ile pale ukutani."

Ilikuwepo kweli, ndani ya fremu. Fundi akaitazama kama mtu anayesoma hukumu yake. Angeweza kuaga hapo. Angechukua kuponi ya kisahani cha bure ambayo Bi Meneja alikuwa tayari anaitafuta kwenye droo. Lakini Jumatano ya wiki ijayo ilikuwa inakuja, na shati lake lilikuwa limeshapigwa pasi.

"Dada," akasema, "mimi siji hapa kwa ajili ya samaki. Samaki nakula kwa adabu tu. Naja kwa ajili ya zile kelele. Kwangu hakuna mtu wa kuniambia karibu. Naishi peke yangu, nafanya kazi peke yangu, na hapa mlangoni... hapa nilikuwa nikiingia, inajulikana kwamba nimeingia."

Jokofu lilinguruma, likakatika. Bi Meneja aliivua miwani ya machoni, akabaki na ya kichwani.

"Tatizo ni barua," akasema hatimaye, taratibu. "Nikirudisha kelele niwaandikie nini? Kwamba yule mgonjwa alikuwa anatania?"

Fundi akatikisa kichwa. Alijua mambo ya makao makuu. Kazini kwake, kubadilisha balbu moja ya lifti walitaka sahihi tatu.

"Karibu sana, lakini," Bi Meneja akasema. "Karibu wakati wowote."

Alisema vizuri, na alimaanisha. Lakini karibu ya kuambiwa mtu akiwa anatoka haiingii mahali pake. Fundi akashukuru, akaiacha kuponi mezani, akapita mbele ya kaunta. Kisu, ambaye ukuta wa kijiofisi haukumficha neno, alikuwa ameinamia ubao anakata tango jembamba sana, na hakuinua macho.

Mchana ule hakurudi shimoni. Alimpigia mlinzi kwamba anaumwa, akapanda ngazi za kwao saa kumi, jua likiwa bado kali kwenye madirisha ya korido. Akachomeka ufunguo. Akasubiri kidogo, kama alivyosubiri kila siku mwaka mzima bila kukiri. Akauzungusha.

Chumba kilikuwa vilevile: kiti cha mama, redio yenye kitambaa, kikombe kimoja kwenye sinia. Fundi alisimama kizingitini, akavuta pumzi hadi tumboni, akapaza sauti kama wapishi watatu kwa pamoja:

"Karibuuu!"

Kikombe kikatetemeka kwenye sinia. Halafu, nyuma ya ukuta, kitanda kikalia, na sauti ya kike nzito ya usingizi ikauliza:

"We jirani! Unamkaribisha nani?"

Ilikuwa ya muuguzi aliyehamia chumba cha pili miezi mitatu nyuma, ambaye Fundi alimjua kwa kikohozi tu. Fundi akausogelea ukuta.

"Mimi mwenyewe," akasema.

Akasubiri kicheko, au tusi.

"Haya, karibu," ukuta ukasema. "Ila siku nyingine taratibu, ndugu yangu. Mimi natoka zamu ya usiku. Kelele hizo zitanitoa roho."