Amina ya Mwaitu

"Mama Ben, kwani utamwacha mama mkwe wako apelekwe Makindu kwa sababu ya spika?"

Hilo swali aliniuliza Kavindu, jirani yangu, tukichambua ndengu hapo nje. Nikamwambia haendi. Akanitazama kama mtu anayeuliza hiyo nguvu nimeitoa wapi, kwa sababu anayemtaka ni Kyule, mtoto wake wa kumzaa, na mimi ni mke tu wa yule mtoto mwingine tuliyemzika.

Nguvu sikuwa nayo. Nilikuwa nimeangalia tu, na nilichoona nilikiona vizuri.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, hawezi tena kutembea mpaka kanisani. Mguu ulikataa, na masikio nayo yamezeeka. Tangu mume wangu Ndeti aende kwa Bwana tumekaa wawili katika nyumba hii ya Kathonzweni, tunakula sufuria moja, tunaomba pamoja jioni. Kila Jumapili vijana wa kanisa wananiwekea ibada kwenye flashi, nami narudi nyumbani kumfungulia. Mwaitu akikosa kusikia Neno, wiki yake yote inakuwa kama chai bila majani.

Spika zangu ni mbili ndogo, za mbao nyepesi, kila moja kama debe la kupimia mahindi. Nilizinunua Makindu kwa Muktar, na huyo Muktar aliniambia ukweli kabla sijauliza. Alisema, mama, hizi ni za bei ya chini, besi hazina, ukipiga disko zitakuaibisha. Nikamwambia kwangu hakuna disko. Akacheka, akanifungia na waya.

Shemeji yangu Kyule ni mtu mzuri, hilo niliseme mapema. Wakati wa mazishi alisimama nasi kama ukuta. Ana malori yake ya mchanga, na mtu akipumzika lazima awe na kitu anachokipenda. Yeye anapenda muziki. Spika za nyumbani kwake Makindu zinafika kifuani mwa mtu mzima, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya mwalimu mkuu. Zimetoka Ulaya, na wenye kujua mambo hayo wanazisifu sana. Nimezisikia. Kwaya ikiimba pale unadhani waimbaji wameingia mlangoni na vumbi miguuni. Siwezi kusema uongo juu ya kitu kizuri. Lakini nyumba ya Kyule ina zulia, ina dari, ina mapazia mpaka chini, na anayesikiliza ni Kyule mwenye masikio yake.

Siku alipomkuta mama yake ameinamia spika zangu, aliumia. Akaniambia sauti hiyo ni kibuyu chenye nyuki, na mama yake hawezi kumalizia uzee akisikiliza kibuyu. Akasema atamchukua akae kwake kabisa. Na ushahidi alikuwa nao. Pasaka tulikuwa kwake, akafungua mahubiri, na mwaitu akaitikia Amina kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwangu anaitikia mara chache tu, kisha ananyamaza.

Sasa, Pasaka ile mimi pia nilikuwa nimekaa kwenye kochi. Mhubiri alifika pale Petro anamkana Bwana wake mbele ya yule kijakazi, na mwaitu akasema Amina. Nikashtuka. Mwaitu huyu ninayemjua mimi hawezi kusema Amina mtu akikana. Nikaanza kumwangalia mdomo. Alikuwa anangoja sauti ishuke, basi. Mtu aliyelelewa kanisani anajua mahali Amina inapokaa hata kama hajasikia neno moja. Alikuwa anamheshimu mtoto wake ndani ya nyumba yake. Nami kwa sababu hiyo hiyo nikafunga mdomo, mbele ya mke wa Kyule na watoto.

Lakini kwangu sikufunga. Kyule alipopiga simu kwamba anakuja Jumamosi kumchukua, nilimwomba aje na spika zake pia. Kama mwaitu atasikia vizuri zaidi kwa hizo, nitamkunjia blanketi zake kwa mikono yangu. Kyule alicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, unataka kushindanisha Landikruza na bodaboda?"

"Bodaboda ndiyo inafika mlangoni," nikamwambia.

Alikuja akiwa na hakika yake. Kabla hajaketi alichukua begi la mwaitu, lile nililokuwa nimeweka tayari kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha nguo, akalitia kwenye pikapu. Halafu akashusha spika. Mimi na Kavindu tulikuwa tumefunga kamba kutoka dirishani mpaka msumari wa kalenda, tukaanika leso mbili zikaficha pembe yote ya kuwekea spika, zangu na zake. Kyule akauliza leso ni za nini.

Nikamjibu, "Mwaitu akiona ni za mtoto wake atazisifu hata zikinyamaza."

Kavindu akacheka ndani ya kiganja. Kyule naye akatabasamu, kwa sababu alijua ni kweli. Nikamwacha apange spika zake mwenyewe, azigeuze anavyotaka, ajaribu, ageuze tena. Sikutaka mtu aseme baadaye nilimtegea. Mwaitu alikuwa kwenye kiti chake upande wa huku, kitambaa kichwani, mikono magotini, amejiandaa kama yuko kanisani.

Tukafungua za Kyule kwanza. Ilikuwa ibada ya Jumapili iliyopita. Sauti ya katibu wa kanisa ilitoka pana, yenye kifua, na nyumba yangu haina dari. Mabati yakaanza kuitikia, vikombe navyo kwenye trei, na kuku aliyekuwa amelala mlangoni akaondoka. Kila neno liligonga ukuta likarudi, likakutana na mwenzake njiani. Mimi mwenye masikio nililazimika kutega. Katibu alikuwa kwenye matangazo. Akasema kuna mbuzi wa kahawia ameingia kwenye mahindi ya kanisa, mwenyewe atoke nje sasa hivi amchukue. Kisha sauti ikashuka.

"Amina," mwaitu akasema.

Kavindu akaniangalia. Kyule naye akanigeukia, uso unang'aa, akaniuliza kama nimesikia. Nilisikia. Yeye ndiye hakuwa amesikia. Alikuwa anasikiliza sauti, si maneno.

Nikarudisha ibada nyuma mpaka pale pale, nikafungua zangu.

Katibu sasa akawa mwembamba, kama mtu anayeongea kwa pua. Kyule akatikisa kichwa kwa huruma. Mabati yalinyamaza. Mbuzi wa kahawia akaingia tena kwenye mahindi, mwenyewe akaambiwa tena atoke.

Mwaitu akainua kichwa.

"Huyo mbuzi ni wa nani?" akauliza. "Ni wa Kivuva tena? Si ndiye aliyemaliza mbaazi za mchungaji?"

Kavindu alishindwa, akatoka nje kucheka. Kyule hakucheka. Alipita nyuma ya leso, akafungua zake tena, safari hii chini chini, akazigeuza kidogo. Halafu akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika mkono. Mahubiri yalikuwa yameanza.

"Mwaitu, hapo mchungaji amesema nini?"

Mwaitu akamtazama mtoto wake kwa upendo wote. "Amesema vizuri, mwanangu. Amesema vizuri sana. Mungu akubariki."

Kyule akabaki amechuchumaa. Nilimwonea huruma, lakini sikuondoa macho. Baadaye akasema polepole, bila kunigeukia, kwamba spika zangu ni za uongo, kwamba nusu ya sauti ya mtu haimo.

"Haimo," nikamwambia. "Nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inamzibia hii nyingine. Njoo Jumapili umsikilize mchungaji pamoja naye, shemeji. Kiti kipo."

Nikazima zake, nikafungua zangu. Mwaitu akanyoosha mkono kututuliza, kama tunavyotuliza watoto ibadani, akasogeza kiti karibu na leso. Alitaka kusikia.

Kyule akasimama, akaenda kwenye pikapu. Akarudi na begi la mama yake, akaliweka kando ya kiti, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akatoka.