Ngazi za Bibi Kokoto

Kabla bustani ya jiji haijawa bustani, ilikuwa shimo la mawe. Pale penye bwawa la bata, wanaume walichonga mawe ya kujengea, na wanawake wakagonga kokoto kando yao. Mmoja wa wanawake hao anaitwa Bibi Kokoto hadi leo, na wajukuu hawamjui kwa jina jingine.

Shimo lilipofungwa na miti kupandwa, mumewe ndiye aliyechonga ngazi za kushukia bwawani. Marehemu hakuacha kazi nyingine ya mkono wake. Kwa hiyo mkamwana wake aliporudi kutoka bustanini na habari kwamba ngazi zinavunjwa, bibi alichukua mkongojo wake, hata chai hakumaliza.

Walimkuta fundi mwashi amekwisha kung'oa mawe ya juu.

"Weka nyundo chini, baba! Hayo ni mawe ya mume wangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyundo chini kwanza."

Mkamwana akatazama pembeni kwa haya. Fundi akaweka nyundo, akapindua ndoo na kuipangusa ili bibi akalie.

"Tunatengeneza njia ya mteremko, bibi. Wengi wanaishia huku juu, magoti hayataki ngazi. Wewe mwenyewe bwawa umeliona lini?"

Tangu magoti yalipomgomea, bibi alikuwa akiwasikia bata tu.

"Na mawe yanakwenda wapi?"

"Niliambiwa yakajaze mashimo ya barabara. Lakini nimeyatenga." Fundi akapitisha kidole juu ya jiwe. "Tazama alama za patasi zilivyolala. Aliyechonga alitumia mkono wa kushoto, na alikuwa na subira. Roho ikanisuta kuyatupa."

"Wa kushoto kwelikweli," bibi akasema, sauti imelainika. "Hata kokoto alinirushia kwa mkono huohuo, ili nigeuke nimwone."

"Ukamwona?"

"Nilimtukana kwanza."

Wakacheka wote watatu. Kisha bibi akazitazama ngazi.

"Vunja, mwanangu," akasema. "Ila mawe uyapange kando ya bwawa, watu wakalie."

Saruji ya mteremko ilipokauka, bibi alishuka taratibu, ameshika mkono wa mkamwana. Akayapapasa mawe, akachagua moja, akaketi.

"Gumu kama mwenyewe aliyelichonga," akalalamika.

Jua likapungua, bata wakatoka majini.

"Mama, twende nyumbani?"

"Twende wapi? Si nimefika sasa hivi?"

Mkamwana akavua viatu, akaketi kwenye jiwe la pili.