Hawa Hawapigani

Risper alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Al-Nuzha, Jeddah, kwa profesa mstaafu aitwaye Munira. Mezani katika chumba cha kusomea cha profesa kulikuwa na nakala ya plasta ya kipande cha jiwe kilichochongwa na Wapikti, watu wa kale wa Skotlandi. Kilionyesha watu wawili wameshikana. Wataalamu walisema ni mieleka, na Munira alikuwa akiandika makala kuhusu mieleka hiyo.

Asubuhi moja Risper aliacha kupangusa vumbi.

"Madam, hawa hawapigani. Huyu wa mbele amekufa."

"Umejuaje?"

"Visigino vyake vinaburutwa chini. Na mwenzake amemshika makwapani. Maiti hushikwa hivyo ukiwa peke yako."

Munira alisogeza taa, akalitazama jiwe kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza amejifunza wapi.

Risper akamweleza. Julai iliyopita, alipopewa ruhusa ya kwenda Riyadh kumwona mumewe Hezron, aliyekuwa mlinzi wa ghala, alimkuta sakafuni kwenye kibanda cha bati, joto limemuua. Hakukuwa na mtu wa kumsaidia, naye hakutaka kumwacha mle. Alimvuta mwenyewe hadi kivulini.

"Hukuniambia," Munira alisema.

"Nilikwambia amefariki, madam. Hukuuliza zaidi."

Makala ilitoka na maelezo mapya, jina la Risper likiwemo. Munira alimpelekea jikoni. Risper alilisoma jina lake, akamrudishia, akaomba asipangiwe tena kusafisha chumba kile.