Theluji ya Ghorofani

Jumapili ya pili ya Desemba, baada ya chakula, Viorica alipangusa meza ya jikoni akatandika ramani ya Ulaya. Mumewe Traian akaweka kikombe cha kahawa juu ya Ufaransa ili karatasi isijikunje. Walikuwa wakipanga safari ya kwenda kwao Romania kwa Krismasi, kilomita elfu tatu kwa gari kutoka Castellón, huku pwani ya Hispania walikochuma machungwa miaka kumi na miwili. Miaka yote hiyo walikuwa wakienda kiangazi. Safari hii waliamua kwenda kipupwe kwa sababu Mama Paraschiva, mama yake Viorica, alikuwa ametimiza miaka sabini na tisa, na vuli ile kifua kilimbana wiki tatu nzima. Viorica alikuwa ameapa: Krismasi hii mama atalala ndani ya nyumba kubwa waliyoijenga kijijini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, ngazi ina vipandio kumi na sita, na juu kulikuwa na chumba cha upande wa jua kilichojengwa kwa ajili ya mama. Godoro lake lilikuwa bado kwenye plastiki. Mama alikaa uani, kwenye jiko la nje, chumba kimoja chenye meko ya kuni, akiitunza nyumba ya watoto isichakae. Nusu ya wazee wa kijiji kile waliishi hivyo hivyo, na hakuna aliyewauliza. Nyumba njema si mlango, wanasema, fungua uingie ndani. Lakini kule walifungua siku ya kupiga deki tu.

Jirani yao Gicu, aliyewahi kuipita njia ile kipupwe mara tisa, alipanda kuja kunywa kahawa.

"Tairi za theluji umeshanunua?" akamuuliza Traian.

"Za nini? Nimeangalia hali ya hewa. Jua tupu mpaka Hungary."

"Minyororo ya tairi?"

"Nimfunge nani?"

"Sepeto basi, bwana."

"Ufagio upo."

Gicu akamgeukia Viorica. "Shemeji, huyu mumeo anakwenda kwenye baridi na kandambili. Mimi simo."

Viorica alikuwa mtu wa kutaka kujua mambo hadi mwisho wake. Akampigia mama yake simu, akaiweka katikati ya meza wote wasikie.

"Mama, theluji huko imeshaanguka?"

"Nje bado, mwanangu. Nje pakavu. Inaanguka ndani."

"Ndani wapi?"

"Nyumbani kwenu. Ghorofani, chumba kile cha upande wa jua. Tangu siku ya Mtakatifu Nikola, tarehe sita."

"Paa limetoboka?"

"Paa zima. Inatoka darini tu, polepole, haina kelele."

Traian akasogea karibu na simu. "Mama mkwe, ni ya majimaji au kavu?"

"Kavu, mwanangu. Nzuri tu. Inafagilika."

Traian akasema si unaona, kama theluji haiko barabarani, tairi za nini. Gicu alikubali kwamba theluji ya ndani haihitaji tairi, ila aliwaonya kuhusu sakafu ya mbao, maana mbao ikinywa maji huvimba. Kisha akaomba sukari. Kwenye orodha ya safari Viorica akaandika: machungwa makasha manne, mablanketi mawili, ufagio.

Waliondoka tarehe kumi na tisa. Jua liliwaka Ufaransa yote, Traian akaendesha amekunja mikono ya shati. Katika kila mpaka Viorica alimpigia mama, na mama alikwenda kutazama kisha akamwambia theluji imefika wapi. Walipoingia Ufaransa ilikuwa imetoka chumbani na kushuka kipandio cha tatu. Italia, cha sita. Slovenia, cha kumi. Viorica aliandika hesabu hiyo pembeni mwa ramani, akaona kwamba kadiri walivyokaribia ndivyo ilivyoharakisha. Traian alisema ni joto la chini linalopanda. Viorica hakuamini, lakini hakuwa na maelezo bora.

Slovenia polisi aliwasimamisha kwa ajili ya tairi zile. Walimweleza kwamba theluji yao iko nyumbani, ghorofani. Akaangalia mbingu, akaandika hivyo kwenye karatasi yake, akawaacha waende.

Walifika alasiri, kijiji kina vumbi. Moshi ulitoka uani. Theluji ilikuwa imeshuka hadi kipandio cha mwisho, Viorica akaazima sepeto kwa jirani, akachimba njia mpaka juu. Chumbani ilimfika kiunoni. Mahali pamoja tu palikuwa wazi, mbele ya dirisha, kigoda cha jikoni kimekaa juu ya sakafu kavu.

"Hiki cha nani?" akauliza.

"Changu," mama akajibu kutoka kwenye ngazi. "Jumapili huwa napanda kukaa. Barabara inaonekana vizuri hapo."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipotia dirisha."

"Na kitandani hujawahi kulala hata siku moja?"

"Si ulisema niwasubiri, tuitoe plastiki pamoja?"

Viorica alikumbuka. Alikuwa amelisema kwa haraka, miaka mingi iliyopita, na hakulifikiria tena. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akaendelea kuchota.

Walichota siku mbili. Kila asubuhi ilikuwa imerudi. Basi wakalala wote watatu kwenye jiko la nje, mama kitandani na wao chini, wakapika sarmale za kabichi na nyama, wakacheka mpaka usingizi ukawachukua. Ilikuwa Krismasi nzuri kuliko zote walizokumbuka. Plastiki hawakuitoa. Traian alisema theluji italilowesha godoro, na Viorica akaona hilo ni kweli.

Tarehe mbili Januari walipakia gari. Traian alimnunulia mama mkwe sepeto jipya, jepesi, akamwonyesha namna ya kuimwaga theluji dirishani bila kukwaruza fremu. Mama alijaribu mara mbili, akaweza.

Viorica alimkumbatia mama yake, akahisi mifupa. Alitaka kumwambia apande garini, waende naye. Au alale ndani, plastiki aichane, sakafu ivimbe ikitaka. Maneno yote hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Mama," akasema, "ukipanda kuchota, viatu viache mlangoni. Ile mbao."

"Huwa naviacha, mwanangu," mama akasema. "Mimi napanda na soksi."